Tulijadili Vyoo Hadharani, Tujadili na Haki za Raia Hawa

Wahenga walituachia usemi wa kufunika kombe ili mwanaharamu apite, nao ni usemi wenye busara yake mahali pake, panapokuwa na ugeni, au msiba, au siri ya nyumba ya mtu. Lakini liko jambo moja ambalo sisi watu wa mwambao na visiwani tumelifunikia kombe miaka nenda miaka rudi, na mwanaharamu hapiti. Jambo lenyewe ni hali ya raia wenzetu ambao mapenzi yao yanawaelekea watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao nafsi zao hazilingani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Chini ya kombe hilo yamejificha maradhi, fitina, na dhuluma za jirani kwa jirani, na hapana dalili kwamba yataondoka kwa kuachwa.

Makala haya hayakusudii kutoa fatwa, kwani fatwa ina wenyewe; wala hayakusudii kutangaza sheria mpya, kwani sheria hutungwa na Bunge na Baraza la Wawakilishi. Yanakusudia kuwashauri viongozi wa Chama na Serikali katika Mkoa wa Pwani, na kwa njia yao wenzao wa visiwani, kwamba ipo njia yetu wenyewe, iliyokwisha kujaribiwa na mamilioni ya wananchi, ya kulizungumza jambo zito bila ya matusi wala ngumi. Njia hiyo ni kikundi cha majadiliano chenye kiongozi, ratiba, kanuni na maazimio. Rai yetu ni kwamba Wilaya za Kibaha na Kisarawe zianze.

Mpaka leo jambo hili limesemwa kwa namna mbili tu, ama kwa mnong'ono ama kwa kelele. Mnong'ono tunaujua sote: ni ule wa kibarazani, mtu akishapita. Kelele nazo zina tarehe zake. Tarehe 29 Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wampelekee majina ya watu hao ili wasakwe. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, wala hayakuwa msimamo wa Serikali. Kati ya tarehe hizo mbili hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo mwananchi wa kawaida angeweza kuuliza swali akajibiwa: kosa hasa ni lipi? Nani ana mamlaka ya kumshitaki mtu? Je, jirani akiniletea jina la mwanangu, nifanye nini?

Swali la hospitali ni zito zaidi. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma zilizokuwa zikitolewa na vituo vipatavyo 40 vya mashirika yasiyo ya kiserikali kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa ya kuambukizwa UKIMWI, wakiwamo wanaume wanaojamiiana na wanaume. Wizara ilieleza kwamba huduma hizo zitapatikana katika hospitali na zahanati za umma. Maana ya uamuzi huo, kwa mtu anayefikiri, ni kwamba mzigo wote umetuliwa mabegani mwa mganga wa zahanati, muuguzi, na wananchi wanaokaa kwenye benchi la kusubiri. Benchi hilo likiwa na watu wa kucheka na kunyoosheana vidole, basi mlango wa zahanati umefungwa hata kama haujatiwa komeo. Na kisiwani shida hiyo huzidi. Mkazi wa jiji kubwa akiona haya katika hospitali moja atapanda daladala aende nyingine. Mkazi wa Mafia atasafiri baharini mpaka Nyamisati, au atanyamaza na maradhi yake.

Tunajua ukimya ulitugharimu nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kutaja njia ya maambukizo, watu waliupa ugonjwa jina la kitambaa, wakauita Juliana, wakazika. Iliwachukua viongozi hadi mwisho wa mwaka 1999, Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza kuwa janga la taifa, ndipo ukazungumzwa wazi misikitini, makanisani na mashuleni. Zanzibar imetupa funzo la karibu zaidi. Wakati ambapo maambukizo katika umma wa visiwani yalikuwa chini ya asilimia 1, utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 uliwakuta wanaume wanaojamiiana na wanaume wakiwa na maambukizo ya asilimia 12.3. Utafiti wa pili, wa miaka ya 2011 na 2012, ulikuta asilimia 2.6. Hatudai kwamba tunajua sababu zote za tofauti hiyo. Tunalosema ni kwamba hesabu hizo zisingepatikana kamwe kama watu hao wasingeaminishwa kwamba wanaweza kuja, kupimwa, kusema, na kurudi nyumbani salama. Na katika watu hao wamo waume wa watu na baba za watoto. Basi afya yao ni afya ya nyumba zetu.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania ziliandaa vipindi na vitabu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafunzwa. Na kwa muda wa wiki 12 wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vidogo vidogo, mijini na vijijini. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali. Kwanza walisikiliza redio, kisha wakasomewa sura ya kitabu, kisha wakajadiliana, na mwisho wakaazimia jambo la kutenda kabla ya wiki iliyofuata. Kiongozi wa kikundi hakufundishwa kuhutubia; alifundishwa kuuliza. Waliyojadili yalikuwa malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, na pamoja na hayo, vyoo.

Leo ni rahisi kusahau jinsi jambo la choo lilivyokuwa zito. Kulitaja mbele ya wakwe ilikuwa aibu, na pengine kuchangia choo na mkwe ilikuwa mwiko. Lakini watu walikaa, wakasema, wakachimba. Fedha za kampeni hiyo zilitoka Sweden kwa sehemu kubwa, na bado hakuna aliyesema kwamba choo ni mila ya Kizungu, kwa sababu maneno yalikuwa yetu, wasemaji walikuwa sisi, na maazimio yalikuwa ya kijiji. Kabla ya hapo ilikuwapo Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na baadaye Chakula ni Uhai mwaka 1975. Na wenzetu wa visiwani wasidhani kwamba tunawaletea jambo geni: nchi ilipochagua wilaya sita za mwanzo kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa mwaka 1971, Mafia ilikuwamo, na Ukerewe vilevile. Visiwa vilikuwa miongoni mwa waliotangulia.

Kwa nini basi Kibaha na Kisarawe? Kibaha ni makao makuu ya Mkoa, na maamuzi yanayomhusu mvuvi wa Kilindoni hutoka humo. Ni mji uliojengwa juu ya elimu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwetu mwaka 1970, na likaacha shule, hospitali ya Tumbi, na chuo cha maendeleo ya wananchi. Pale Kwa Mfipa ipo pia Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022. Wakufunzi wapo, majengo yapo.

Kisarawe ina hazina ya namna nyingine. Wazaramo hawakungojea mtu yeyote awafundishe kwamba mambo ya mwili yana mahali pake pa kusemewa. Mwali alikaa ndani akafundwa na kungwi. Vijana wa kiume walikuwa na jando. Wanawake waliambiana yao, wanaume yao, kwa nyimbo na mafumbo, na aliyetoboa nje yaliyosemwa ndani alipata lawama. Huo ulikuwa mkutano wenye kanuni: wahusika maalumu, siri iliyolindwa, na mkubwa wa kuongoza. Aliyelelewa hivyo hahitaji kuelezwa kwa nini kikundi cha majadiliano kina mlango.

Kutokana na hazina hizo mbili tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kijiji au mtaa ugawe vikundi vinne: wazee wa kiume, wazee wa kike, vijana wa kiume, vijana wa kike, wote wawe watu wazima kisheria. Mpango wa mafunzo uitwao Stepping Stones, uliotokana na kazi iliyofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 1995, ulitumia mgawanyo huu katika mambo ya UKIMWI, na sababu yake ni wazi: mke hasemi mbele ya mume yale anayosema mbele ya shoga yake. (Na tukumbuke kwamba neno hilo shoga, ambalo leo limegeuzwa tusi, kwa wanawake wa pwani lilikuwa, na lingali, jina la rafiki mpendwa.) Kila kikundi kikae mara moja kwa wiki, watu wasiozidi kumi na watano, muda wa saa moja na nusu. Mwisho wa yote, vikundi vinne vikutane katika baraza moja na kila kimoja kisome maazimio yake.

Kanuni ziwe chache na zisivunjwe. Ya kwanza: halitajwi jina la mtu yeyote, wala mtu haulizwi habari zake mwenyewe. Kanuni hii ndiyo roho ya utaratibu mzima, kwani kikundi kitakachogeuka kuwa daftari la majina kitakuwa kimerudia makosa ya Oktoba 2018. Ya pili: kila mtu aseme zamu yake, na anayesikiliza asikatize. Ya tatu: anayedai kwamba sheria inasema hivi, au Kitabu kinasema vile, alete kifungu au aya, isomwe yote. Ya nne: kikundi kiazimie mambo yaliyo katika uwezo wake tu. Kijiji hakiwezi kufuta sheria ya nchi wala kuitunga. Lakini kinaweza kuazimia kwamba hakuna mgonjwa atakayezomewa zahanati, hakuna mtoto atakayefukuzwa nyumbani usiku, na hakuna mtu atakayepigwa na umati kwa tuhuma.

Kwenye kanuni ya tatu ndipo penye faida kubwa, maana wengi wetu tunasema juu ya sheria ambayo hatujaisoma. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kimetokana na sheria waliyoileta Waingereza Tanganyika mwaka 1930. Hapo awali adhabu yake ilikuwa kifungo cha miaka 14. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliipandisha ikawa si chini ya miaka 30. Waingereza wenyewe walianza kuifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1967. Hiyo ndiyo historia, na kila mtu aipime. Lakini kikundi kikisoma kifungu hicho hadi nukta ya mwisho kitaona kwamba kinahusu tendo, na kwamba anayehukumu ni hakimu baada ya ushahidi. Hakuna mahali kinapomruhusu mwenye nyumba kumtupia mtu vitu vyake nje, au mgambo kumtoza fedha ili asimpeleke kituoni, au muuguzi kumnyima dawa. Wakishasoma hayo wasome na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 12 juu ya utu wa kila mtu, ya 13 juu ya usawa mbele ya sheria, ya 16 juu ya faragha, na ya 18 juu ya uhuru wa maoni. Ibara hizo hazikuongeza maneno ya kuwabagua baadhi ya raia.

Wapo watakaosema kwamba dini imekwisha kulihukumu jambo hili na majadiliano ni kupoteza wakati. Sisi tuliokaa chuoni na kupitishwa juzuu kwa juzuu tunaijua hukumu hiyo, na makala haya hayaibishii. Lakini Kurani iliyokataza tendo imekataza pia, katika Surat al-Hujurat, dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Na katika Surat an-Nur imemtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima kwa zinaa alete mashahidi wanne, na asipowaleta apigwe yeye viboko thamanini na ushahidi wake usikubaliwe tena. Mizani hiyo imewekwa kwa makusudi: mlango wa kuwachafulia watu majina umebanwa kuliko mlango wowote. Basi yule anayesimama barazani akinyoosha kidole bila ya shahidi hata mmoja, na ajiulize amesimama juu ya aya gani. Masheikh wa Wilaya, pamoja na mapadri na wachungaji, waalikwe katika vikundi, wasikilizwe kwa heshima, na waulizwe maswali haya.

Wapo wengine watakaohofia watoto. Hofu hiyo ni ya haki, na inastahili kujibiwa waziwazi badala ya kutumiwa kufungia mjadala. Anayemlawiti mtoto ni mhalifu, awe mwanamume au mwanamke, awe anapenda jinsia ipi, awe mjomba, mwalimu au ustadhi, na hapana kikundi kitakachomtetea. Lakini tukichanganya kosa la kumdhuru mtoto na hali ya watu wazima wawili, tunampa mhalifu maficho. Macho yote yatamwelekea kijana anayetembea kwa madaha mtaani, na mtu mzima mwenye heshima zake, anayewadhuru watoto nyumbani mwake, hatashukiwa na yeyote. Kikundi kinachojifunza kutofautisha mambo haya mawili kinalinda watoto vizuri zaidi.

Na wapo watakaosema kwamba walio wengi hawalitaki, na wengi wape. Kwa hawa tunawakumbusha historia ya Chama chao. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza juu ya mfumo wa vyama, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, Chama kikakubali, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale asilimia 20 walisikilizwa kwa sababu haki ya mtu haitokani na wingi wa wanaofanana naye. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Tunasema Chama kilichoweza kusikiliza wachache katika jambo lililohusu madaraka yake chenyewe hakiwezi kudai kwamba kimeshindwa kusikiliza wachache katika jambo hili.

Ile shule ya Kwa Mfipa ina somo jingine la bure. Imejengwa kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Afrika Kusini iliweka katika Katiba yake ya mwaka 1996 marufuku ya kumbagua mtu kwa ajili ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Msumbiji iliacha adhabu hiyo katika kanuni yake mpya iliyoanza kutumika mwaka 2015. Angola ilipitisha kanuni yake mwaka 2019, ikaanza kutumika mwaka 2021. Nchini Namibia, Mahakama Kuu ilitamka Juni 2024 kwamba sheria ya aina hiyo inapingana na Katiba. Zimbabwe na sisi tumebaki na sheria zetu. Katika Bahari ya Hindi, Shelisheli iliifuta yake mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ya Mauritius ikaitangua ya kwao mwaka 2023. Mwaka huohuo Uganda ilikwenda upande wa pili, ikaweka hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hatutaji nchi hizi ili kumwiga yeyote. Tunazitaja kwa sababu makada wa vyama hivi hulala katika mabweni mamoja pale Kibaha, na ni ajabu wakijadili madini, bandari na ardhi, wasijadiliane jinsi kila mmoja alivyolitendea jambo hili na matokeo yake.

Mwisho tuseme na watendaji. Hakuna kikundi kitakachokaa kwa amani bila ya barua. Mwezi Oktoba 2017 watu zaidi ya kumi, wakiwamo mawakili, walikamatwa katika hoteli moja Dar es Salaam wakiwa katika mkutano wa kushauriana juu ya kesi; mwananchi wa Maneromango au Mlandizi akikumbuka hayo hatakubali kuketi, na hatumlaumu. Kwa hiyo Wakuu wa Wilaya za Kibaha na Kisarawe watoe barua inayotambua vikundi hivi kuwa ni elimu ya watu wazima, nakala iende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ikieleza kwamba kuzungumza si kosa. Maafisa wa Elimu ya Watu Wazima watayarishe maswali na nakala za vifungu na ibara. Waganga Wakuu wa Wilaya watoe mtumishi mmoja wa afya kwa kila kata, wa kujibu ya kitaalamu. Maafisa Maendeleo ya Jamii wakusanye maazimio, bila ya majina, wayapeleke Mkoani. Baada ya wiki 12 Mkoa uyasome, na kama yana faida, viongozi wa Mafia waitwe wayatazame, na wenzetu wa Unguja na Pemba wapelekewe nakala.

Gharama yake ni karatasi, mikeka, na saa moja na nusu kwa wiki. Mikeka ile tuliyokalia mwaka 1973 tukizungumza vyoo haikumvunjia mtu heshima yake, na waliobaki na uhai kwa sababu ya mazungumzo yale wangali miongoni mwetu.